Nilipata sonona baada ya uzazi wa kwanza. Je, mazoezi ya umakinifu yatanikinga safari hii?

*"Daktari, habari za kazi. Nina miaka 29 na mimba ya wiki 28, mtoto wa pili. Baada ya kujifungua wa kwanza nililia miezi mitatu. Sikumpenda mtoto, nilimnyonyesha tu kwa sababu lazima anyonye. Kuna picha ilikuwa inanijia kichwani: mtoto anateleza mikononi mwangu na kutumbukia kwenye beseni la maji ya moto. Sijawahi kumwambia mtu. Mama mkwe alisema nimekuwa mvivu, jirani akasema ni majini. Mwishowe nilipelekwa hospitali ya wilaya, nikapewa dawa, nikapona. Sasa nimeanza kuamka saa tisa usiku, naogopa yatarudi. Dada yangu aliyeko Uingereza amenitumia mazoezi ya kukaa kimya na kufuata pumzi, anasema huko yanafundishwa hospitalini. Nimejaribu, lakini nikikaa kimya ndiyo kwanza mawazo yanazidi, naona siwezi. Mimi ni Mwislamu, na mume wangu anauliza kama hiyo si ibada ya watu wengine. Je, mazoezi haya yanasaidia kweli? Na nikiyafanya vizuri naweza kuepuka dawa? Nasikia dawa zinamharibu mtoto tumboni."*

Dada yangu, nianze na jambo ulilolitaja bila kuliuliza: ile picha ya beseni. Umeibeba muda wote huu peke yako, na nadhani sehemu ya hofu yako ya sasa imejificha hapo. Picha za namna hiyo huwajia wazazi wengi mno. Mmoja anamwona mtoto akianguka ngazini, mwingine anaogopa hata kushika kisu akiwa na mtoto mgongoni. Watafiti walipowauliza kina mama kwa faragha, karibu nusu walikiri kuwahi kujiwa na wazo la kumdhuru mtoto kwa makusudi, na mawazo ya ajali yaliwajia karibu wote. Ubongo wa mwanamke aliyejifungua hukaa macho kutafuta hatari, na unapochoka hurusha picha za hatari hata pasipo na hatari. Mama anayeshtushwa na picha hiyo, anayeichukia, anayelisogeza beseni mbali, hana nia ya kumdhuru mwanawe. Alikuwa anamlinda. Ipo hali nyingine, ya ugonjwa mkali, ambayo nitaieleza mbele ili uweze kuzitofautisha. Yako haikuwa hiyo.

Wala haukuwa uvivu. Kondo la nyuma likishatoka, homoni za estrojeni na projesteroni zilizopanda miezi yote ya ujauzito hushuka ghafla ndani ya siku chache. Ndiyo maana wazazi wengi hulia bila sababu kuanzia siku ya tatu au ya nne. Hilo ni la kawaida na huisha lenyewe ndani ya wiki mbili. Lako lilidumu miezi mitatu na likakunyima hata mapenzi kwa mtoto. Hiyo ni sonona, ugonjwa kama ulivyo ugonjwa wa shinikizo la damu, na dawa zilikuponya kwa sababu ulikuwa mgonjwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa katika nchi zinazoendelea karibu asilimia 16 ya wajawazito na asilimia 20 ya waliojifungua hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona. Mama mkwe wako amekaa na wanawake wengi wa aina hiyo bila kujua.

Hofu yako kwamba itarudi ina msingi. Aliyewahi kuugua sonona yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kuugua tena kipindi cha uzazi. Lakini kuwa hatarini si sawa na kuugua, na umeuliza katika wiki ya 28, wakati ambao bado kuna nafasi ya kufanya kitu.

Mume wako ameuliza swali la haki, na namjibu bila kuficha: mizizi ya mazoezi haya, yanayoitwa umakinifu, iko kwenye mafundisho ya Kibuddha. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn, katika chuo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, aliyatoa kwenye mazingira ya ibada akatengeneza kozi ya wiki nane kwa wagonjwa wa maumivu sugu. Baadaye wanasaikolojia Zindel Segal, Mark Williams na John Teasdale waliyachanganya na tiba ya mazungumzo, wakiwalenga watu ambao sonona imewarudia mara kwa mara. Hiyo ndiyo kozi inayotolewa katika hospitali za Uingereza anazozisema dada yako. Ndani yake hakuna anayeombwa na hakuna tamko la imani. Unafundishwa kuleta akili kwenye kinachotokea sasa hivi, mwilini na moyoni, bila kukigombeza na bila kukikimbia. Anayeswali anajua jinsi akili inavyotoroka katikati ya rakaa na jinsi inavyorudishwa. Kazi ya kuirudisha ni ileile, ila katika swala unamwelekea Mola, na hapa unaangalia tu pumzi yako na fikra zako. Kimoja kisichukue nafasi ya kingine. Na kuna jambo la kulifikiria mapema: katika nifasi, yaani siku za damu ya uzazi, hutaswali, na mpangilio wa siku uliouzoea utavunjika wakati ambao unauhitaji zaidi. Adhana ikisikika, unaweza kuitumia kama ukumbusho wa dakika tatu za zoezi, huku dua na dhikri zako zikiendelea.

Sasa hili la "siwezi". Umeambiwa, au umedhani, kwamba zoezi likifanikiwa mawazo yataondoka. Hayataondoka, na si kazi ya zoezi kuyaondoa. Unapokaa kimya saa tisa usiku mawazo hayaongezeki. Yalikuwepo, ila mchana yalifunikwa na kazi. Umeketi, umefuata pumzi mbili, ghafla uko kwenye chumba cha kujifungulia miaka ile; kisha unagutuka: "Aa, nimeondoka." Kule kugutuka ndiyo zoezi lenyewe. Unarudi kwenye pumzi. Ukiondoka mara 50 na kurudi mara 50, umefanya mazoezi 50. Mwanamke anayeniambia ameondoka mara nyingi hivyo ananipa matumaini kuliko anayesema alitulia tuli, kwa sababu najua amekuwa akijiangalia kweli.

Kwa nini kugutuka kuwe na maana kwa mtu aliyewahi kuugua? Chukua siku ya kawaida. Mtoto amelia saa nzima na wewe umechoka. Kwa mwanamke ambaye hajawahi kuugua, uchovu unabaki uchovu. Kwako uchovu unaamsha "mimi si mama", hilo linaamsha "safari ile ilianza hivihivi", kifua kinabana, usingizi unakatika, kesho uchovu umeongezeka na mnyororo unaanza upya. Akili hujaribu kuitatua huzuni kwa kuiwazia: kwa nini niko hivi, mbona wenzangu wanaweza? Kadiri unavyowaza ndivyo unavyozama. Zoezi linakufundisha kuuona mnyororo ukiwa bado kwenye pingili ya kwanza au ya pili. Ni kama maziwa jikoni: anayeyaona yanapoanza kupanda hupunguza moto, anayekuja yakiwa yamemwagika hubaki kufuta jiko. Ukiweza kusema moyoni "hili ni wazo la kwamba mimi si mama", tayari umelisogeza hatua moja. Limekuwa kitu unachokitazama, si hukumu uliyopewa. Ile picha ya beseni nayo hushughulikiwa hivyohivyo. Ukiisukuma kwa nguvu inarudi na nguvu. Ukisema "ni ile picha, imekuja tena" na ukaendelea kumwogesha mtoto, inapungua makali yenyewe.

Mwili nao una sehemu yake. Pumzi inayotoka taratibu, kwa muda mrefu kuliko ilivyoingia, hupunguza mapigo ya moyo kupitia neva ndefu inayounganisha ubongo na moyo. Ndiyo maana tunaanza na pumzi.

Yanasaidia kweli? Kwa mtu wa hali yako, ushahidi ni mzuri kuliko kwa wengine. Mwaka 2016 Sona Dimidjian na wenzake nchini Marekani walichapisha utafiti wa wajawazito 86 waliowahi kuugua sonona lakini wakati ule walikuwa wazima. Walipangwa kwa bahati nasibu: wengine wakapewa kozi ya wiki nane pamoja na huduma za kawaida, wengine huduma za kawaida peke yake. Kufikia miezi sita baada ya kujifungua, sonona ilikuwa imewarudia asilimia 18 ya waliopata kozi na asilimia 50 ya wale wengine. Tofauti hiyo ni kubwa. Lakini itazame kwa macho yote mawili: wanawake 86 ni wachache, walifundishwa na walimu waliofuzu, na walipewa mazoezi ya kufanya nyumbani karibu kila siku. Rekodi ya dakika kumi kwenye simu si kozi hiyo. Inaweza kukufaa, ila nisingekuahidi kinga ya kiasi kile.

Kuhusu uchungu wenyewe wa kujifungua, mkunga wa California, Marekani, Nancy Bardacke, alianza kufundisha toleo la kozi hii kwa wajawazito mwaka 1998. Zoezi moja la toleo hilo ni kushika barafu mkononi kwa dakika nzima. Mara ya kwanza unapambana nayo; mara ya pili unaangalia baridi inavyopanda, inavyochoma, inavyobadilika, huku ukitoa pumzi. Barafu ya mfuko kutoka friji ya jirani inatosha kulijaribu, wewe na mume wako. Mkazo mmoja wa uchungu huchukua karibu dakika moja hadi dakika moja na nusu, kisha kuna mapumziko, na wanawake wengi huyatumia mapumziko hayo kuogopa mkazo unaofuata. Kujifunza kupumzika pale tu ni faida tosha. Toleo fupi la mafunzo hayo lilipojaribiwa kwa wajawazito 30 wa uzazi wa kwanza, matokeo yakachapishwa mwaka 2017, walijiamini zaidi katika kujifungua na dalili za sonona zilikuwa chache, lakini hawakusema kwamba maumivu yalipungua. Kwa hiyo akikuambia mtu kuwa utajifungua bila kusikia uchungu, usimsikilize.

Sasa dawa. Kama sonona imesharudi kwa ukali, mazoezi haya hayachukui nafasi ya dawa. Mtu aliyezama hawezi hata kufuata pumzi tatu, na kumwambia ajitahidi ni kumwongezea mzigo wa kujiona ameshindwa. Kwa ulivyoeleza, leo una hofu na usingizi uliovurugika. Katika hali hiyo mazoezi, mazungumzo na mpango mzuri vinaweza kutosha, mradi mtu wa afya anakufuatilia. Hali ikibadilika, dawa ziko palepale kukusaidia. Na dawa si zote sawa. Ile iliyoandikwa Sodium Valproate kwenye paketi, ya kifafa na baadhi ya magonjwa ya akili, inajulikana kumdhuru mtoto tumboni, na huenda maneno uliyoyasikia yametokana nayo. Dawa za sonona ni kundi jingine. Sertraline, kwa mfano, hutumiwa sana na wajawazito na wanaonyonyesha, na kiasi kinachoingia kwenye maziwa ni kidogo sana. Sisemi hakuna athari kabisa: baadhi ya vichanga hukosa utulivu siku chache za mwanzo. Lakini sonona isiyotibiwa nayo huongeza hatari ya mtoto kuzaliwa njiti au na uzito mdogo, na mama asiyekula wala kwenda kliniki yuko hatarini mwenyewe. Tafuta cheti au paketi ya dawa iliyokuponya safari ile, ukamwonyeshe daktari. Na yeyote anayesoma hapa akiwa tayari anatumia dawa, asiiache ghafla kwa sababu amegundua mazoezi.

Nikupe namna ya kuanza. Usiku ukigutuka, usikae kitako kulazimisha ukimya. Hiyo ndiyo saa ngumu kuliko zote kwa anayejifunza. Lala ubavu (mimba yako imefika umri ambao kulala chali hakushauriwi), weka mkono tumboni, sikiliza sauti za nje: feni, mbwa, pikipiki ya mbali. Sauti ni rahisi kuliko pumzi kwa mwenye hofu. Kisha hesabu pumzi kumi za kutoka. Ukipotea, anza moja. Zoezi lenye urefu lifanye mchana, dakika kumi, saa ambayo mtoto mkubwa amelala. Anzia nyayo, panda taratibu hadi kichwani, ukiuliza kila mahali kuna nini: joto, ganzi, uzito, au hakuna kitu.

Mtoto akizaliwa, dakika kumi hutazipata, na usijilaumu. Kunyonyesha kunatosha. Sikia anavyovuta, uzito wa kichwa kwenye mkono, joto lake. Wazo likija, lipe jina, rudi kwenye joto. Unapokandwa maji ya moto siku zile za arobaini, fuata joto linavyoingia mgongoni badala ya kupanga kesho. Ikiwa mapenzi kwa mtoto hayatakuja siku ya kwanza, usiyatafute kwa tochi. Kwa wanawake wengi huja polepole, kwa kumshika na kumtazama.

Kuna watu ambao ukimya na kufumba macho huwaumiza, hasa waliowahi kubakwa, kupigwa au kupitia uzazi wa kutisha. Mwili unapoguswa na umakini, kumbukumbu hufumuka. Ikikutokea hivyo, fumbua macho, kanyaga sakafu, taja vitu vitano unavyoviona, na zoezi hilo liache mpaka upate mtu wa kukuongoza. Na ikiwa kinachomkosesha mwanamke usingizi ni kipigo cha nyumbani, au njaa, pumzi si jibu. Anahitaji dawati la jinsia, ndugu, ofisi ya ustawi wa jamii. Sipendi mazoezi haya yanapotumika kumfundisha mwanamke kuvumilia asichopaswa kuvumilia.

Huenda usimpate mwalimu wa kozi hii mahali ulipo. Hilo lisikukatishe tamaa, maana mazungumzo yenye mpangilio na mtu aliyefunzwa yana ushahidi mzito hata zaidi. Vijijini Pakistan, wahudumu wa afya wa jamii wasio madaktari waliwatembelea majumbani wajawazito wenye sonona, katika utafiti wa wanawake 903 ulioongozwa na Atif Rahman na kuchapishwa mwaka 2008. Watoto walipofikisha miezi sita, asilimia 23 ya mama waliotembelewa kwa mpango huo walikuwa bado na sonona, dhidi ya asilimia 53 ya wengine. Shirika la Afya Duniani liliugeuza mpango huo kuwa mwongozo mwaka 2015. Kwa hiyo uliza kituoni kwako kama yupo mshauri nasaha, muuguzi wa afya ya akili au mhudumu wa jamii aliyefunzwa. Omba pia wingi wa damu upimwe, na baada ya kujifungua, uchovu ukizidi kiasi, waangalie na tezi ya shingoni. Upungufu wa damu na matatizo ya tezi hufanana sana na sonona, na havitibiki kwa kukaa kimya.

Nenda ukaonwe ndani ya siku chache kama huzuni au kukosa hamu ya kila kitu vimekaa wiki mbili, kama hulali hata mtoto akiwa amelala, au kama chakula hakipiti. Ukijiwa na wazo la kufa au la kujidhuru, mwambie mtu siku hiyohiyo na usibaki peke yako nyumbani. Kisha kuna ile hali niliyoahidi kuieleza. Huwapata wazazi mmoja au wawili kati ya 1,000, mara nyingi ndani ya wiki mbili za mwanzo: mama halali kabisa lakini ana nguvu nyingi, anaongea bila kukoma au amechanganyikiwa, anasikia sauti, anaamini mtoto si wake au si binadamu, au anaona ni sawa kumdhuru. Huyo hashtuki kama ulivyoshtuka wewe, anaamini. Apelekwe hospitali saa hiyohiyo, usiku au mchana, na mtoto abaki na mtu mwingine. Ikiwa kuna homa, degedege au maumivu makali ya kichwa pamoja na kuchanganyikiwa, inaweza kuwa maambukizi au kifafa cha mimba, na hapo kila dakika ina thamani. Mfundishe mume wako dalili hizi sasa, maana mgonjwa mwenyewe mara nyingi hazijui.

Zungumza naye pia kuhusu usingizi, kabla mtoto hajafika. Mzazi aliyewahi kuugua anahitaji kipande kimoja cha usiku, chenye urefu wa saa nne au tano mfululizo, ambacho mtu mwingine anambeba mtoto na kumleta tu kunyonya. Mama mkwe akija, mpe zamu hiyo. Wengi huipokea vizuri kuliko wanavyopokea maelezo kuhusu ugonjwa.

Na siku ya kliniki ijayo, kabla hujapanda kwenye mzani, mwambie nesi maneno haya: "Baada ya uzazi wa kwanza niliugua sonona miezi mitatu, nikatibiwa kwa dawa. Sasa silali vizuri. Naomba iandikwe kwenye kadi yangu, na naomba kuonana na mtu wa afya ya akili kabla sijajifungua." Akikuambia ni uchovu tu wa mimba, omba kumwona daktari wa zamu, ukarudie maneno hayohayo.